Jinsi ya kununua matoleo mapya ya programu kwa intaneti ya polepole

KULIPIA toleo jipya la programu ya kompyuta kupitia mtandao huchukua dakika chache. Kazi ngumu huanza baada ya pesa kutoka, wakati mnunuzi anapolazimika kupakua faili kubwa kwa mtandao unaokatika kila mara. Wengi hupoteza data waliyoinunua kwa jasho lao, na wengine hulipa mara mbili kwa kitu kimoja.

Wakazi wa miji mikubwa nchini Kenya huenda wamesahau shida hii. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009, nchi ilitegemea setilaiti. Aliyetumia modemu ya simu ya kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde alihitaji zaidi ya saa 10 kupakua furushi la pili la marekebisho ya Windows XP, lililotolewa mwaka wa 2004 likiwa na megabaiti zaidi ya 260. Ndiyo maana Microsoft iliwatumia wateja furushi hilo katika diski. Kati ya 2005 na 2011, waundaji wa Ubuntu pia walituma diski za bure kwa njia ya posta.

Siku hizi kasi imeongezeka, lakini faili nazo zimenenepa. Faili ya kusakinisha Windows 11 hupita gigabaiti 5. Kabla ya kulipa, basi, fanya hesabu.

Kasi ya intaneti hupimwa kwa biti ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo, kasi ya megabiti 1 kwa sekunde huleta takriban megabaiti moja kila baada ya sekunde 8. Faili ya gigabaiti 5 itachukua saa 11 hivi iwapo mtandao hautakatika. Kwa kasi ya megabiti 5, faili iyo hiyo itachukua saa mbili na robo. Linganisha pia ukubwa wa faili na kiasi cha data ulichonunua. Data ikiisha katikati, kazi itakwama.

Jambo la pili ni kuelewa unachokinunua. Mara nyingi mteja hulipia leseni, yaani haki ya kutumia programu, ambayo huja kama nambari ndefu kwa barua pepe au huhifadhiwa katika akaunti yake. Faili yenyewe ni kitu kingine. Waweza kulipa ukiwa nyumbani kwa data kidogo, kisha ukaenda kupakua faili kwenye saiba, maktaba au ofisi ya rafiki yenye mtandao wa kasi, ukaibeba kwa flashi. Ya Windows 11 huhitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Kuamilisha leseni baadaye huhitaji data kidogo tu.

Angalia pia aina ya faili unayopewa. Kampuni nyingi hutoa kifaili kidogo ambacho kikifunguliwa huanza kuvuta programu yote kutoka mtandaoni. Tafuta faili kamili inayosakinishwa bila intaneti, kwani hiyo yaweza kutumika tena katika kompyuta nyingine ikiwa leseni inaruhusu.

Wakati wa kupakua, tumia programu ya kusimamia upakuaji inayoweza kuendelea pale ilipoachia mtandao unapokatika, mradi seva ya muuzaji inaruhusu. Haba na haba hujaza kibaba. Pakua usiku wa manane watumiaji wanapopungua, na ikiwezekana unganisha kompyuta na rauta kwa waya. Katika Windows, ukiweka alama kuwa mtandao wako unalipiwa kwa kipimo, masasisho mengi makubwa husubiri badala ya kumaliza data yako kisirisiri. Shule au ofisi yenye kompyuta nyingi inaweza kuziruhusu zigawiane masasisho, ili data isinunuliwe upya kwa kila mashine.

Malipo nayo yana hatari yake. Ukurasa ukiganda baada ya kubonyeza kitufe cha kulipa, usibonyeze tena. Subiri, kisha soma ujumbe wa benki au wa M-Pesa na barua pepe yako kuthibitisha iwapo pesa zimetoka. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka wa 2022. Hifadhi risiti na nambari ya leseni, na uziandike pia kwenye karatasi.

Uvivu wa mtandao usikusukume kununua nakala za wizi. Nakala iliyochezewa yaweza kubeba virusi vya kuiba nywila na pesa. Hata faili halali yaweza kuharibika njiani. Ikiwa muuzaji amechapisha alama ya utambulisho ya SHA-256, ilinganishe na ya faili yako kabla ya kusakinisha.

Mwisho, jiulize iwapo unahitaji kununua kweli. Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, hivyo kubaki nayo bila ulinzi ni kuacha mlango wazi. Hata hivyo, mwenye Windows 10 halali na kompyuta inayofaa huhamia Windows 11 bila malipo. Mashine hiyo sharti iwe na kichakataji kinachokubaliwa, kumbukumbu ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Anayekuuzia uhamisho huo, ilhali kompyuta yako imetimiza masharti, anakuuzia cha bure. Kompyuta isiyotimiza masharti hayo bado yaweza kutumia Linux, nayo LibreOffice huandika barua na kupiga hesabu bila kulipiwa leseni.