Maziwa ya Shule: Haki, Dawa au Zawadi?

Katika shule ya msingi niliyosoma, karibu na kilima cha Wanyange nje kidogo ya Jinja, kengele ya mapumziko ililia saa nne asubuhi. Sisi tuliolipiwa uji tulipanga foleni na vikombe vyetu vya plastiki. Uji wenyewe ulikuwa unga wa mahindi, maji na sukari kidogo. Wenzetu ambao wazazi wao hawakulipa walikaa chini ya mwembe, wakisubiri tumalize. Maziwa sikuwahi kuyaona shuleni hata siku moja. Lakini mjomba wangu, aliyesoma Busia upande wa Kenya miaka ya 1980, alipenda kutusimulia habari za maziwa ya Nyayo: jinsi lori lilivyofika, jinsi walivyong'ata ncha ya pakiti na kunywa. Sisi watoto tulidhani anatunga hadithi.

Nilipofika chuoni nikagundua kwamba mjomba alisema kweli, na swali likazuka. Uganda ni miongoni mwa nchi zilizoufundisha ulimwengu mengi kuhusu utapiamlo wa watoto. Kwa nini basi jirani ndiye aliyewapa wanafunzi wake maziwa, na sisi tukakosa? Katika insha hii nitaonyesha kwamba maziwa ya shule hayategemei wingi wa ng'ombe pekee. Yanategemea pia jinsi taifa linavyomtazama mtoto anayeyanywa.

Tuanze Uingereza, kwa kuwa huko ndiko mpango huu ulikojengeka mapema. Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa lishe John Boyd Orr na wenzake waliwapa maziwa watoto wa shule huko Scotland, wakaona wanakua haraka kuliko wenzao wasiopewa. Wakati huohuo wafugaji walikuwa na maziwa yasiyo na wanunuzi. Mwaka 1934 serikali ikaanza kufidia bei ili mwanafunzi anunue theluthi ya painti, yaani karibu mililita 190, kwa nusu peni. Mwaka 1946 maziwa hayo yakawa ya bure kwa wanafunzi wote, kwa sheria ya Bunge. Kwa hiyo tangu mwanzo kikombe kilibeba mahitaji mawili: njaa ya mtoto na soko la mfugaji.

Boyd Orr huyohuyo aligusa Afrika Mashariki. Mwaka 1931, yeye na daktari wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, John Gilks, walichapisha utafiti uliolinganisha Wamaasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliotegemea nafaka na mizizi. Waliandika kwamba wanaume wa Kimaasai waliwazidi wenzao wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 kwa urefu na ratili 23 kwa uzito. Wanahistoria wameukosoa utafiti huo, maana watu hao hawakutofautiana kwa chakula tu. Hata hivyo, ulisaidia kueneza wazo kwamba afya ya Mwafrika ingeweza kurekebishwa kwa kubadili mlo wake.

Nchini Uganda wazo hilo lilipita njia ya hospitali. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alikuwa akiwatibu watoto waliovimba miguu, wenye nywele zilizopauka na ngozi inayobambuka. Baganda waliuita ugonjwa huo obwosi. Madaktari wakauita kwashiakoo, neno la lugha ya Kiga ya Ghana lililoingizwa katika utabibu na daktari Cicely Williams. Trowell, pamoja na wenzake Davies na Dean, walichapisha kitabu juu ya ugonjwa huo mwaka 1954. Tiba kuu ilikuwa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, na watoto wengi waliokuwa wakifa wakapona.

Lakini tiba hiyo ilileta tatizo jipya. Maziwa yaliyotolewa hospitalini yalionekana kuwa dawa, na dawa hutafutwa mtu akishaugua. Maziwa ya unga kwenye chupa, yakikorogwa kwa maji machafu, yalimletea mtoto kuhara. Ndiyo maana mwaka 1965 ilianzishwa kliniki ya Mwanamugimu hapohapo Mulago. Jina lake ni la Kiganda, maana yake mtoto mwenye afya. Kliniki hiyo iliwafundisha akina mama kutengeneza kitobero, mlo wa kuchanganya ndizi au viazi na maharagwe, karanga au samaki, vyakula ambavyo mama angevipata shambani au sokoni. Hili lilikuwa jambo la busara. Ila juhudi hizo zililenga zaidi mtoto mdogo na mama yake. Mtoto akishaingia darasani, lishe yake haikuwa tena na mwenyewe.

Kenya ilifuata njia nyingine. Ilikuwa na shirika kubwa la maziwa, KCC, lililoanzishwa na walowezi mwaka 1925, lenye viwanda na malori. Rais Daniel arap Moi alishika madaraka mwaka 1978 baada ya kifo cha Jomo Kenyatta, akaahidi kufuata nyayo zake. Mwaka 1979 alitangaza kwamba watoto wa shule za msingi watapewa maziwa bure, pakiti ya mililita 200. Karo nazo zilikuwa zimepunguzwa, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka karibu milioni 3 mwaka 1978 hadi karibu milioni 3.7 mwaka uliofuata. Mjomba wangu anasema kuna watoto waliokuja shule kwa ajili ya pakiti ile.

Mpango huo ulianza kwa tamko la rais, na maziwa yakabeba kaulimbiu yake. Yalikuwa zawadi. Ukame wa mwaka 1984 ulipunguza maziwa nchini, na baadaye KCC ikazama katika madeni na usimamizi mbaya. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 malori yalikuwa yameacha kufika.

Hapa pana tofauti inayonigusa sana. Mwaka 1971 Margaret Thatcher, akiwa waziri wa elimu wa Uingereza, aliwaondolea maziwa ya bure watoto wa zaidi ya miaka saba. Ilibidi sheria ipite Bungeni, watu wakapiga kelele, na lawama hizo zikamwandama maisha yake yote. Nchini Kenya pakiti zilikoma bila kuhitaji sheria ya kuzifuta, kwa kuwa hazikuwa zimewekwa kwa sheria. Haki ikiondolewa, mwenye haki ana pa kulalamikia. Zawadi ikikoma, mpokeaji hunyamaza.

Wengine watauliza kama maziwa yana faida kubwa kiasi hicho. Kati ya mwaka 1998 na 2000 watafiti waligawa vyakula katika shule 12 za Embu, Kenya. Baadhi ya watoto walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chochote. Maziwa yaliwasaidia kurefuka hasa watoto wadogo na wale waliokuwa wamedumaa. Katika mtihani wa kufikiri, waliopewa nyama ndio waliofanya vizuri zaidi. Kwa hiyo maziwa si muujiza, na wapo wasioyavumilia tumboni. Ni sehemu ya mlo, kama Mwanamugimu ilivyofundisha.

Leo Uganda haina uhaba wa maziwa. Ankole na maeneo jirani hutoa maziwa mengi mno, kiasi kwamba nchi huyauza nje, na mwaka 2020 tuligombana na Kenya ilipoyazuia maziwa yetu. Huko kusini-magharibi zipo shule ambazo wazazi huchanga ili watoto wapate uji wenye maziwa. Lakini elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1997, iliondoa ada bila kuleta chakula, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikaweka jukumu la kumlisha mwanafunzi kwa mzazi au mlezi. Kwa maneno mengine, foleni yetu ya uji pale Wanyange, na wale waliokaa chini ya mwembe, ilikuwa ndani ya sheria.

Kwa kuhitimisha, Uganda iliyafanya maziwa dawa, Kenya ikayafanya zawadi, na Uingereza ikayafanya haki, kisha ikaipunguza haki hiyo hadharani. Sidai kwamba kila shule ya Busoga inywe maziwa kesho. Penye maharagwe na karanga, vianze hivyo. Ninachodai ni kwamba chakula cha mwanafunzi kiandikwe katika sheria na katika bajeti, ili siku kitakapokosekana, mtoto aliye chini ya mwembe awe na wa kumuuliza.