Kutoka Kifagio hadi Kiapo: Maskwota wa Nakuru na Chimbuko la Vita vya Mau Mau

Fasihi ya Mau Mau, na uhakiki wake pia, imezoea kuanzia msituni. Tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 1978 kama Mzalendo Kimathi, inamweka shujaa wake katika mahakama ya Nyeri. Riwaya nazo hupanda Nyandarua na kushuka Nairobi. Msomaji huweza kudhani kwamba vita vilizuka tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari. Kumbukumbu za J.M. Kariuki, zilizochapishwa 1963, ni miongoni mwa vitabu vinavyoelekeza macho kwingine: mwandishi alizaliwa na wazazi maskwota huko Kabati-ini, karibu na Nakuru. Makala hii inafuata mwelekeo huo. Inadai kwamba upinzani wa maskwota wa Bonde la Ufa uligeuzwa kuwa vita, kwa kiasi kikubwa, na hatua za serikali yenyewe.

Baada ya Wamaasai kuhamishwa kwa mapatano ya 1904 (ikiwa yanastahili jina hilo), walowezi walijikuta na ardhi tele na vibarua haba. Wagikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri walikuja na mifugo yao, wakapata mahali pa kulima na kulisha kwa malipo ya jasho. Sheria ya 1918 iliwadai siku 180 za kazi kwa mwaka. Ile ya 1937 iliwapa walowezi wa kila wilaya uwezo wa kupunguza mifugo na mashamba ya skwota, uwezo uliotumiwa bila huruma baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1946 wengi walikataa kutia sahihi mikataba mipya.

Operesheni ya miaka ya 1920 ya kuwaondolea mifugo yao, maskwota waliiita kifagio. Jina hilo linastahili kuzingatiwa na mhakiki. Si la Kigikuyu. Ni la Kiswahili, lugha ya amri katika shamba la Mzungu. Aidha, kinachofagiwa ni taka, na waliobuni jina hilo walifahamu vyema namna walivyotazamwa.

Lakini ni Olenguruone, kusini ya Molo, ambako manung'uniko yalipata umbo la siasa. Mwaka 1941 serikali iliwapa makazi huko Wagikuyu waliokuwa wameondolewa katika nchi ya Wamaasai. Mgogoro uliofuata, kwa hakika, ulihusu maana. Kwa serikali, hao walikuwa wapangaji, waliowajibika kutii kanuni za kilimo na kutogawa ardhi watakavyo. Kwa wenyewe, Olenguruone ilikuwa githaka, fidia ya ardhi ya ukoo iliyonyang'anywa Kiambu. Na mwenye githaka haamriwi apande nini. Walikataa kanuni hizo, na ili kukataa kwao kusivunjike wakala kiapo cha umoja. Hapo ndipo penye jambo jipya. Kiapo cha jadi kilikuwa cha watu wazima, hasa wanaume, katika kesi maalumu. Hiki kililiwa na wanaume, wanawake na hata watoto. Jamii nzima ilijifunga kwa neno moja. Serikali ilijibu kwa kuwafukuza. Kufikia 1950 walikuwa wametawanywa, wengi wakipelekwa Yatta, nchi kame ya Machakos.

Kuwatawanya watu hakukukitawanya kiapo kwa maana iliyokusudiwa: kilienea mashambani. Mwaka 1950 watu walishtakiwa Naivasha kwa kulishana kiapo, na mwezi Agosti Mau Mau ikapigwa marufuku.

Hata hivyo, kiapo si bunduki, na skwota aliyekula kiapo alikuwa bado na kibanda, mke, watoto na shamba la mahindi vya kumzuia. Vizuizi hivyo vilivunjwa mapema 1953. Familia ya mlowezi ilipouawa Kinangop mwezi Januari, walowezi waliandamana hadi ikulu ya Nairobi, na kufukuzwa kwa Wagikuyu mashambani kukashika kasi. Makumi ya maelfu walirudishwa katika hifadhi ambako wengi hawakuwa na hata kipande cha ardhi, na wengine hawakuwa wamezaliwa huko. Msitu uliwapokea vijana ambao shamba na hifadhi viliwakataa.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walishambulia kituo cha polisi cha Naivasha, wakavunja ghala la silaha na kuwafungua mahabusu. Usiku huohuo yalitokea mauaji ya Lari, Kiambu, ambako nako mzozo ulikuwa wa ardhi, ile iliyotolewa badala ya Tigoni. Lari ndiyo iliyotangazwa sana na serikali, ndani na nje ya Kenya. Naivasha ilibaki kando ya habari, ingawa bunduki zilizobebwa huko zilikuwa zimekwisha kuingia msituni.