Asilimia 31 ya Idete

Mwaka 1994 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria kutoka Idete, kijiji cha Bonde la Kilombero. Watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano walikuwa wamechomwa sindano tatu. Wapo waliopata SPf66, chanjo iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, na wapo waliopata sindano isiyo na chanjo hiyo, bila mzazi wala daktari kujua nani kapewa ipi. Chanjo ilionekana kupunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Hiyo ndiyo namba iliyobaki midomoni. Iliyosahaulika ni ya pembeni yake: kwa uchache wa watoto wale, ukweli ungeweza kuangukia popote kati ya sifuri na asilimia 52. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga ya maana, na SPf66 ikaachwa.

Kwa maoni yangu, historia ya chanjo ya malaria ni historia ya vipimo kuliko ya dawa. RTS,S, chanjo nyingine iliyoanza kutengenezwa mwaka 1987, ilipofikia jaribio kuu la mwaka 2009 hadi 2014, ilipelekwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwamo. Watoto waliopata dozi nne, wakianza wakiwa na miezi 5 hadi 17, walipata kinga ya asilimia 36 kwa takriban miaka minne. Ukiziangalia juu juu, 36 na 31 ni ndugu. Tofauti ni kwamba ile ya 36 ina watoto wa kutosha nyuma yake.

Wapo wanaouliza, tena kwa haki, chanjo ya theluthi moja ina faida gani wakati ya surua hukinga karibu kila mtoto. Lakini surua humpata mtu mara moja, na malaria humrudia mtoto huyo huyo msimu hadi msimu. Ndiyo maana kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, ziliepushwa homa za malaria 1,774: zaidi ya moja kwa kila mtoto. Na wengi wao walikuwa tayari wakilala ndani ya chandarua, hivyo hoja kwamba fedha zingetosha kununulia vyandarua inapungua nguvu.

Pingamizi zito zaidi lilihusu usalama. Katika jaribio hilo homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na Shirika la Afya Duniani likataka kwanza chanjo itolewe kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya, kuanzia 2019. Tofauti ile haikuonekana tena, na chanjo ikapendekezwa Oktoba 2021. Kuna wanaouita muda huo uzembe. Ulikuwa mrefu, nakubali, ila bila huo shaka ile ingeifuata chanjo hadi kliniki.

Sasa ipo chanjo nyingine, R21, iliyopendekezwa 2023. Katika vituo vya malaria ya msimu kinga yake ilifika asilimia 75, na kwingine, Bagamoyo na Kilifi zikiwamo, 68. Wengi huziweka namba hizo kando ya 36 na kuitangaza mshindi. Hizo ni za mwaka mmoja. RTS,S nayo, katika mwaka wake wa kwanza, ilivuka asilimia 50.