Kalamu na Karakana: Historia ya Nyaya Zinazopinda Mwanga

Mwenzangu wa chumba hapa Kigali anasoma fizikia. Mimi nasoma historia. Jioni moja aliniambia kuwa metamateriali, yaani vitu vilivyoundwa ili vipitishe mwanga kwa namna isiyopatikana katika vitu vya asili, ni elimu ya mataifa yenye fedha, sisi ni wa kusoma tu. Nilifuatilia historia yake, na hoja yangu ni kwamba elimu hiyo ina wazazi wawili: kalamu na karakana.

Tuanze na kalamu. Mwaka 1967, Victor Veselago wa Moscow alionyesha kwa hesabu kwamba mwanga unaweza kupinda upande ulio kinyume na tuliouzoea. Hakuwa na kitu cha kuthibitishia. Mwaka 1996, John Pendry na wenzake walikokotoa kwamba nyaya nyembamba za metali, zikipangwa kwa nafasi, huwa kama metali mpya yenye tabia tunayoichagua. Mwaka 2000, David Smith na wenzake huko San Diego waliunganisha nyaya na pete za shaba, wakafanikiwa, lakini kwa mawimbi ya maikrowevu tu. Mwanga unaoonekana ulihitaji nyaya nyembamba mno.

Jibu lilitoka karakana. Mwaka 1923, Waingereza walianza kupitisha umeme katika aloi ya alumini iliyotumbukizwa kwenye asidi, ili ivae ganda la oksidi na vipuri vya ndege za majini visiliwe na maji ya chumvi. Baadaye iligundulika kuwa ganda la namna hiyo laweza kuwa na vitundu vilivyosimama wima. Mwaka 1995, Masuda na Fukuda wa Japani walivipanga kama sega la nyuki.

Mwaka 2008, kundi la Xiang Zhang huko Berkeley lilijaza fedha katika vitundu hivyo. Kila waya ulikuwa na unene wa takriban nanometa 60, kama sehemu moja ya elfu ya unywele. Oksidi ni kihami. Hivyo elektroni husafiri kwa urefu wa waya bila kuvuka kwenda waya wa jirani. Mwanga mwekundu ukapinda kinyume, ingawa si kwa njia ile ya Veselago.

Walioanza mwaka 1923 walikuwa wakipambana na kutu, si kutafuta nuru. Kigali ina taasisi ya fizikia ya EAIFR tangu 2018, kwa hiyo kalamu ipo. Nilimwambia mwenzangu asiwadharau mafundi wetu wa alumini.