Mizigo ya Wazamiaji

Jumapili ya tarehe 30 Juni 2019, mtu mmoja alianguka kutoka angani akatua kwenye bustani ya nyumba huko Clapham, kusini mwa London. Mkazi wa nyumba hiyo alikuwa amejilaza hapo bustanini akiota jua. Mwili ulitua kama mita moja hivi kutoka alipokuwa. Ndege ilikuwa ya Kenya Airways, imetoka Nairobi asubuhi ile ile. Ilipokaribia Heathrow magurudumu yalifunguliwa ili itue, na mtu huyo akatoka nayo.

Sisi wa Nairobi tulikuwa na maoni tele juma lile. Kwenye matatu, kazini, kwenye simu, kila mtu alikuwa hakimu. Wengine walisema alikuwa mwendawazimu, wengine kwamba alitaka kufa tu, wengine kwamba angesoma fizikia kidogo asingethubutu. Kichekesho kimoja kilitumwa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, nami nikakicheka, nikakituma kwingine. Siku mbili baadaye nikasoma taarifa ya polisi wa London. Ndani ya kile chumba ambamo magurudumu hukunjwa walikuta mkoba, maji na chakula.

Chakula ndicho kilichoninyamazisha. Anayekwenda kufa hajifungii chakula cha njiani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya watu hawa, na kila ninapofika natafuta kwanza walibeba nini. Kiswahili kina neno lao tayari: wazamiaji. Tulilitoa baharini, kwa vijana wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam waliojificha kwenye meli za mizigo wakitumaini kuamkia Ugiriki au Afrika Kusini. Kuzamia ni kwenda chini, majini. Hawa wa ndege wanazamia kwenda juu, na huko juu ni kubaya kuliko chini ya bahari.

Ukitaka kuelewa ubaya wenyewe, sikiliza utakapopanda ndege. Mara tu baada ya kuruka utasikia mngurumo chini ya miguu, kisha kishindo. Ni magurudumu yanakunjwa, na yana uzito wa kumsaga aliyekosea pa kujibanza. Chumba chenyewe hakina joto linalopulizwa wala hewa inayosukumwa kama huku kwetu kwenye viti. Kwenye kimo cha mita 11,000 baridi hufika nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri, na oksijeni inayoingia mapafuni ni kama robo tu ya ile ya usawa wa bahari. Mtu huzimia. Wachache mno, mwili ukipoa taratibu sambamba na kupungua kwa hewa, huingia katika usingizi unaofanana na ule wa wanyama wanaolala msimu wote wa baridi; ubongo huhitaji oksijeni kidogo sana, na ndege inaposhuka huzinduka. Lakini hata huyo aliye hai huweza kuwa bado hajitambui milango inapofunguliwa. Hapo ndipo wengi huanguka, juu ya paa za miji waliyokuwa wakiitamani. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, imehesabu visa vya kuanzia 1947: zaidi ya watu 100, na takriban robo tatu yao walikufa. Hao ni wale waliojulikana. Aliyeanguka baharini usiku hahesabiwi na mtu.

Miongoni mwa wa kwanza tunaowajua alikuwa mtoto. Agosti 1946 Bas Wie, yatima wa miaka 12 kutoka Kupang katika kisiwa cha Timor, alijipenyeza karibu na gurudumu la ndege ya Kiholanzi iliyokuwa ikienda Darwin, Australia. Zile zilikuwa ndege za propela, zikiruka chini kuliko hizi za leo, kwa hiyo hewa ilimtosha; kilichomuumiza ni moshi wa injini uliomwunguza na chuma kilichomkata. Alipona. Australia ya wakati huo ilikuwa na sera ya kuzuia wasio weupe kuhamia, lakini yeye aliachwa akae, akalelewa katika nyumba ya mtawala wa jimbo lile, akazeekea nchini humo. Nadhani kisa hiki kilipendwa kwa sababu kilikuwa kimoja. Mtoto mmoja ni muujiza. Wakiwa mia huitwa tatizo.

Juni 1969 Armando Socarrás, kijana wa Kuba, alijificha na mwenzake kwenye majani marefu karibu na mwisho wa njia ya kurukia ndege mjini Havana. Ndege ya Iberia ilipogeuka ili iruke, wakaikimbilia. Mwenzake hakufika. Armando alivuka Atlantiki kwa saa kama nane akiwa na nguo nyepesi tu, akadondoka chini ya ndege huko Madrid amefunikwa na barafu, akaishi. Madaktari walishindwa kuamini. Miezi minane baadaye, huko Sydney, mvulana wa miaka 14 aitwaye Keith Sapsford aliingia kwenye ndege iliyokuwa ikielekea Japani, milango ya magurudumu ikafunguka tena punde tu baada ya kuruka, akaanguka. Mpiga picha wa kujifurahisha tu alikuwa akijaribu kamera yake uwanjani. Aliposafisha filamu ndipo akamwona mtoto hewani. Huyu hakuwa maskini. Alikuwa na hamu ya kuiona dunia, basi. Namtaja kwa sababu tumezoea kudhani njaa peke yake ndiyo inayopandisha watu huko.

Lakini wanaonirudia kila mara ni wavulana wawili wa Guinea, Yaguine Koïta na Fodé Tounkara, wenye miaka 14 na 15. Mwishoni mwa Julai 1999 waliingia kwenye ndege ya Sabena mjini Conakry. Miili yao ilipatikana Brussels tarehe 2 Agosti. Ndege ilikuwa imekwenda na kurudi kati ya miji hiyo miwili mara kadhaa nao wakiwa humo humo, wamekwisha kufa, huku abiria wakila na kulala juu yao.

Walikuwa wamejiandaa. Walivaa suruali juu ya suruali, masweta, kofia. Miguuni walikuwa na kandambili. Kwenye mifuko ya plastiki walibeba vyeti vya kuzaliwa, picha za jamaa zao na ripoti za shule.

Ripoti za shule! Mtu hubeba ripoti ya shule anapokwenda kuomba nafasi ya kusoma. Mimi nilibeba zangu kwenye bahasha ya kaki nilipojiunga na kidato cha kwanza, mama akinikanya kila hatua nisizikunje. Hawa nao walidhani huko mbele kuna meza, na nyuma ya meza kuna mtu atakayenyosha mkono aseme, hebu tuone.

Kulikuwa pia na barua kwa Kifaransa, imeandikwa kwa mkono, kwa waheshimiwa wanaoiongoza Ulaya. Wanaeleza vita, maradhi, njaa, na shule zisizo na mafunzo ya maana isipokuwa kwa wenye pesa za kulipia za binafsi. Wanaomba msaada ili wasome. Wanasema kwamba wakionekana wamejitoa mhanga, ni kwa sababu mateso yamezidi. Na kabla ya kumaliza wanaomba radhi kwa kuthubutu kuwaandikia watu wakubwa kama hao. Huo ni mwandiko wa mtoto aliyefundishwa adabu. Walijua wanaweza kufa, kwa hiyo wakaandika barua; walitumaini kuishi, kwa hiyo wakabeba ripoti. Mfuko mmoja ulikuwa na majibu yote mawili.

Barua ilichapishwa, viongozi wakasikitika. Sabena yenyewe ilifilisika mwaka 2001. Mlango wa viza haukupanuka, na watoto wa baada yao wakaendelea kupita chini. Wako waliopona: Februari 2021 mvulana wa Kenya wa miaka 16 alikutwa hai kwenye ndege ya mizigo huko Maastricht, Uholanzi, na Januari 2022 kijana mwingine Mkenya, wa miaka 22, akakutwa hai Amsterdam, kando ya gurudumu la mbele. Habari za namna hii hunitia hofu kuliko za vifo. Aliyepona husimuliwa mtaani kwa jina. Waliokufa hawana wa kuwasimulia.

Yule wa Clapham hana jina hadi leo. Polisi wa London walichora sura yake kwa kompyuta wakaitangaza. Kituo kimoja cha televisheni cha Uingereza kilidai kimemtambua, na picha ikasambaa hadi kwetu. Baadaye ikabainika kwamba mwenye picha alikuwa hai, yuko korokoroni Nairobi. Kituo kikaiondoa habari hiyo. Mwaka 2020 maiti ikazikwa London bila jina.

Nilijaribu mara moja kuwauliza wale wa kikundi chetu cha WhatsApp kama wanakumbuka kile kichekesho. Hakuna aliyekikumbuka. Mimi nakumbuka mkoba. Alipokuwa akiufunga, labda usiku wa Jumamosi, huenda aliaga mtu kwa maneno ya mzunguko. Huenda iko nyumba hapa Kenya ambako bado wakiulizwa habari za kijana wao husema yuko majuu, ila siku hizi hapigi simu.