Hesabu ya Mikarafuu: Mali, Deni na Akiba ya Uzeeni Unguja na Pemba

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, tangu katikati ya karne ya 19 hadi Mapinduzi ya 1964, mali ya nyumba moja ililinganishwa na ya nyumba nyingine kwa kipimo ambacho hakuna aliyehitaji kufundishwa, nacho ni idadi ya mikarafuu. Shamba lilitajwa kwa miti iliyosimama juu yake kuliko kwa upana wa ardhi, na aliyesemwa kuwa ana mikarafuu 500 alikwisha kupata nafasi yake barazani kabla haijajulikana ana fedha kiasi gani ndani, au anadaiwa na nani. Kipimo hicho kilikuwa wazi kwa kila mwenye macho, lakini kilihesabu mali ghafi tu, yaani mali kabla haijatolewa deni. Mali halisi, ile inayobaki baada ya kila mdai kuchukua chake, haikuonekana kwa kupita njiani.

Mkarafuu si mti wa asili ya visiwa hivyo. Uliletwa mapema katika karne ya 19, na Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, ndiye aliyehimiza upandwe kwa wingi. Huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miongo mingi, na kwa tabia hiyo ulifaa kuwa kile ambacho baadaye kingeitwa akiba ya uzeeni: aliyepanda akiwa na nguvu alitarajia kuchumiwa asipoweza tena kupanda ngazi. Kuchumiwa na nani ni swali ambalo hesabu za wenye mashamba hazikulijibu kwa heshima. Hadi 1897, sheria ilipoacha kuutambua utumwa, watumwa waliochuma karafuu hizo waliandikwa pamoja na miti katika mali ya bwana wao, naye bwana aliyewapoteza aliweza kudai fidia serikalini, ilhali wao wenyewe hawakulipwa chochote kwa miaka waliyotumikishwa.

Karafuu, tofauti na fedha, haifichiki. Kikonyo huchumwa vitumba vikiwa vimeanza kupata wekundu na kabla havijafunguka, kwa kuwa ua lililochanua halina thamani sokoni. Kisha vikonyo hubebwa hadi nyumbani, ambako wanawake na watoto huketi kuvichambua, karafuu zikitengwa upande mmoja na makonyo upande mwingine. Wachumaji walilipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo chenye vibaba vinne, na tajiri alinunua kwa frasila, ambayo ni ratili 35. Kati ya pishi na frasila zilikuwapo siku kadhaa za kuanika, karafuu zikitandazwa juani juu ya majamvi hadi zigeuke kahawia, huku harufu yake ikifika mbali kuliko macho. Jirani aliyetaka kujua mwenzake amevuna nini hakuhitaji kuuliza, alihesabu majamvi.

Kisichoanikwa kilikuwa deni. Kwa kuwa mavuno ya mkarafuu hayalingani mwaka hadi mwaka, mwenye shamba alikopa ili avuke msimu mbaya, alikopa tena ili alipe wachumaji msimu mzuri, na mara nyingi alikopa kwa ajili ya harusi na hitima, shughuli ambazo ndizo zilizomthibitishia jirani kwamba mikarafuu ile bado ina mwenyewe. Riba ikiwa haramu katika sheria ya Kiislamu, mikopo ilipitia mlango wa bei khiyari, mauzo ambayo muuzaji hubaki na hiari ya kukinunua tena alichouza, kwa bei ileile, katika muda uliokubaliwa. Mkopaji alimuuzia shamba mwenye fedha, ambaye kwa kawaida alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Bara Hindi, kwa bei iliyo chini ya thamani yake, kisha akaendelea kukaa humo kama mpangaji na kulipa kodi, nayo kodi hiyo ilifanya kazi ya riba bila kuitwa riba. Kwa nje hakuna kilichobadilika: mtu yuleyule alisimamia uchumaji uleule na kuanika karafuu uani palepale. Inawezekana hakuna mkataba uliostahi uso wa mkopaji kuliko huu, na pengine ndiyo maana ulidumu.

Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, kikaiacha Pemba ikiwa nzima kwa kiasi kikubwa. Watu waliokuwa wakilinganishwa kwa mamia ya miti waliamka wakiwa sawa, isipokuwa katika madeni, ambayo upepo haukuyagusa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi zaidi.

Palikuwa hata hivyo na siku moja ambayo hesabu kamili ilifanywa kwa lazima, nayo ni baada ya mazishi. Sheria ya mirathi iliamuru kwamba katika mali ya marehemu zitolewe kwanza gharama za kumzika, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi theluthi ya kilichosalia, na ndipo warithi wagawane. Kwa mfano, mtu aliyejulikana kuwa na mikarafuu 300, akafa bila wasia na kuacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, huku mazishi na madeni yakila thamani ya miti 60, aliacha mali halisi ya miti 240. Mjane alichukua thumuni, yaani miti 30. Iliyobaki 210 iligawanywa kwa mafungu saba, kila mtoto wa kiume akapata miti 60 na kila wa kike 30. Wapita njia waliendelea kuliita shamba la mikarafuu 300, ingawa hapakuwa tena na mtu mwenye zaidi ya 60.

Hata nyumba ya kifalme haikuepuka ulinganisho wa aina hiyo. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe Majid wa Unguja na Thuwaini wa Maskati waligombea urithi wa dola, na mwaka 1861 Lord Canning, aliyetawala India kwa niaba ya Uingereza, aliamua kwamba nchi hizo mbili zitengane na Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka, kwa sababu fungu la Majid lilikuwa nono kuliko la kaka yake.

Mjane wa mfano uliotangulia hakutegemea thumuni peke yake. Sheria hiyohiyo ilimpa mke umiliki wa mali yake kando na ya mumewe: mahari, dhahabu aliyovishwa, miti aliyorithi kwa baba yake. Kwa hiyo kuzungumzia mali ya kaya kana kwamba ni fungu moja ni kuukosa ukweli wa visiwani, ambako mume aliyezama katika deni aliweza kulala chini ya paa moja na mke asiyedaiwa senti. Bangili na mikufu haikuwa pambo tu. Ilikuwa akiba inayobebeka, inayowekwa rahani asubuhi na kukombolewa baada ya mavuno.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930, deni lililokuwa siri ya mtu na tajiri wake likawa suala la serikali. Uchunguzi wa madeni ya wakulima ulifanywa, na mwaka 1934 ikatoka sheria iliyozuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kupita mikononi mwa watu wengine bila idhini. Wafanyabiashara wa Kihindi, waliohisi kwamba sheria za karafuu zinawalenga wao, walijibu kwa mgomo wa 1937 na 1938, ulioungwa mkono na wanunuzi wa India kwenyewe, hadi mapatano yakafikiwa.

Mapinduzi ya 1964 yaliifuta hesabu ya zamani karibu yote. Ardhi ilitaifishwa na mashamba yakagawanywa kwa vipande vya ekari tatu, kipimo ambacho kwa mara ya kwanza kilitaja ardhi badala ya miti. Wafanyakazi wa mshahara walipata Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar mwaka 1998, ambamo akiba ya mtu hukaa katika taarifa anayoisoma mwenyewe. Aprili 2016 ulianza mpango wa Pensheni Jamii, uliompa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la, na mwombaji hakuulizwa ana mikarafuu mingapi. Aliulizwa umri na mahali anapoishi.