Macho Hayana Pazia

Alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2012, kijiji cha Kilelengwani kilivamiwa. Watu 38 waliuawa, tisa kati yao wakiwa askari polisi. Wiki tatu kabla, Agosti 22, zaidi ya watu 50 walikuwa wameuawa Riketa, kwenye delta hiyohiyo ya Tana. Yalikuwa mapanga, mikuki, mishale na bunduki. Waliokufa huhesabiwa. Lakini mtu akikatwa jicho hubaki hai, na habari yake huishia nyumbani kwake.

Tena si vita peke yake. Uliza mchungaji yeyote wa Garsen habari za mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni. Leo umefunga njia za mifugo. Mwiba wake ukichoma jicho, huacha tundu dogo na uchafu wa mti ndani yake, na humo ukungu huota.

Sasa kisa cha mbali kidogo. Mwaka 1812, huko Coupvray, Ufaransa, mtoto wa miaka mitatu alichezea msumari wa kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi. Ukamchoma jicho moja. Dawa za nyumbani na za daktari hazikufaa kitu. Alipofika miaka mitano, macho yote mawili yalikuwa yamekufa. Mtoto huyo ni Louis Braille, na nukta alizobuni baadaye ndizo wanafunzi wasioona wa Thika wanazosoma kwa vidole tangu shule yao ianzishwe mwaka 1946.

Mbona jicho la pili, ambalo halikuguswa? Huenda uchafu ulienea. Lakini tiba imejifunza sababu nyingine: jicho likipasuka, nyama ya ndani ambayo kinga ya mwili haijawahi kuiona hutoka nje, na kinga ikaifanya adui. Ikishaanza hivyo, hulifuata na jicho zima. Kwa miaka mingi madaktari hawakuwa na njia ila kung'oa jicho lililokwisha kufa, mapema, kabla ya wiki mbili, ili kuliokoa lenzake. Dawa za kutuliza kinga zilikuja kwenye miaka ya 1950.

Kulitambua jicho lililopasuka hakuhitaji mashine kwanza. Mboni huwa haina uduara tena, imevutwa upande wa jeraha kama tone. Kitu cheusi au cha kahawia huchungulia kwenye kioo cha jicho. Damu hutuama nyuma ya kioo hicho. Uoni hushuka ghafla. Pale hospitalini hutumika rangi ya manjano iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871; ikitiwa juu ya jeraha, maji ya ndani yakivuja huonekana kama kijito kinachokata rangi. Na kope ikikatwa karibu na pua, daktari huangalia mfereji wa machozi, maana usiposhonwa, jicho litalia maisha yote.

Tiba yenyewe ni uzi mwembamba kuliko unywele, unaoshonwa chini ya darubini, pamoja na dawa za kuua vijidudu na sindano ya pepopunda. Hayo ni ya Malindi au Mombasa, na kutoka Garsen mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Tana ikifurika, njia nayo hukatika.

Kwa hiyo jicho huponea au hufia njiani, mikononi mwetu. Na hapo ndipo tunapokosea kwa huruma: mmoja analeta maziwa ya mama, mwingine maji ya majani, wa tatu anakandamiza kwa leso. Chokaa ikiingia jichoni, sawa, osha kwa maji mengi. Jicho likikatwa, usioshe, usikamue, usichomoe mwiba, usitie chochote. Kata kitako cha kikombe cha plastiki, kiegemeze kwenye mfupa, si kwenye jicho, kifunge kwa plasta. Mgonjwa asile, maana atalazwa usingizi wa upasuaji. Kisha tafuta gari.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Jicho lililokatwa linahitaji pazia gumu lisiloligusa, na mtu wa kuzuia mikono ya jamaa mpaka lifike.